Mkono wa Kushoto wa Pindo

Chumba cha ushonaji cha dada wawili kilikuwa na vyerehani viwili, kioo kilichopasuka pembeni, pasi, na kayaki ya njano. Vile vingine havikuhitaji maelezo. Kayaki ilichukua ukuta mzima, kutoka mlangoni hadi chini ya dirisha, na kila mteja aliyeingia aliuliza swali lilelile kabla hata ya salamu:

"Na hii nayo inashonwa?"

"Huyo ni shemeji yangu," Dada Mkubwa alijibu bila kuinua macho. "Mkalie tu, amezoea."

Na wateja waliikalia kweli. Waliikalia wakisubiri kupimwa, wakilaza watoto ndani yake, na mama mmoja aliwahi kuisahau mikoba yake miwili humo, akarudi baada ya wiki kuikuta imekwenda kuvua samaki, yaani imefika baharini na kurudi. Mikoba tu. Samaki wenyewe hawakuwahi kuingia katika kayaki ile, na hapo ndipo kilipo kisa.

Mwenye kayaki alikuwa mdogo mtu. Mtaa mzima ulimwita Pindo, kwa sababu aliweza kupinda suruali yako wewe ukiwa bado umesimama ndani yake, na ukatoka ukidhani umezaliwa nayo. Mikono ya dhahabu. Dada yake, aliyemfundisha kazi, alikubali hilo mbele za watu mara moja kwa mwaka, tena akiwa na homa.

"Mdogo wangu," alisema Dada Mkubwa siku ile ya Jumatano, midomo imeshika pini tatu, "tumepata kazi ya mapazia ya ukumbi. Meza ndefu ya kukatia inakuja wiki ijayo. Na mwenye duka la dawa anaitaka hiyo kayaki."

"Haiuzwi."

"Imewahi kuleta nini humu ndani zaidi ya mchanga?"

Pindo akakanyaga pedali kwa nguvu ili cherehani kijibu badala yake. Cherehani kilijibu, lakini uzi ulipofika mwisho, swali lilikuwa bado limekaa palepale.

"Nionyeshe samaki mmoja," Dada Mkubwa akaendelea. "Mmoja tu. Sisemi awe mkubwa. Awe na macho mawili na mkia. Jumamosi ukirudi naye, kayaki inabaki, na mimi sitaitaja tena mpaka nizeeke. Ukirudi mikono mitupu, mwenye duka la dawa atakuwa pale gatini na gari lake na kamba. Sawa?"

"Wewe, usiitaje tena? Nakubali, angalau nikalione hilo."

Alisema kwa kicheko. Lakini usiku hakulala vizuri, maana tofauti na watu wengi wanaoweka ahadi, yeye alijua rekodi yake.

Sasa, uvuvi wao haukuwa wa kutumbukiza mnyoo na kusinzia. Pindo na wenzake wawili walivua kwa nzi. Si nzi wa jikoni, nzi wa kutengenezwa: unachukua ndoana, unaifunga uzi, unaivalisha manyoya, nywele na vipande vya kitambaa, mpaka samaki akiiona aseme moyoni, "Kaa mdogo yule, tena mnene." Kwa kuwa nzi huyo hana uzito wowote, kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene na mzito, unaopaa nyuma ya kichwa chako kisha unarudi mbele kama mjeledi wenye adabu. Mkono wa kulia unashika fimbo. Wa kushoto unashika mshipi na kuuvuta kidogo kidogo, ili nzi atembee majini kama mtu mwenye shughuli zake.

Hakuna aliyefunga nzi kama Pindo. Malighafi aliletewa na rafiki yake Kinyozi, ambaye kila Ijumaa alifika na bahasha ya nywele: nyeusi, za mvi, na zile nyekundu za mteja mmoja aliyejipaka rangi akajuta. Samaki walizipenda zile nyekundu kuliko mke wa yule mteja alivyozipenda. Kinyozi alivua kwa nzi wa Pindo, akapata. Rafiki yao wa tatu, dereva wa gari la wagonjwa, alivua kwa nzi wa Pindo, akapata. Pindo mwenyewe alivua kwa nzi wa Pindo, samaki wakaja, wakauma, wakavuta, wakaachia, wakaenda zao. Kila mara. Kama vile walikuja kusalimia tu.

"Kinyozi hajinyoi," Dada Mkubwa alimwambia kila Jumamosi jioni.

"Lakini mimi najinyoa!" Kinyozi alilalamika, amekerwa kabisa. "Tazama kidevu hiki. Nani kaninyoa, jirani?"

Basi Jumamosi ikafika. Walikutana gatini asubuhi, maji yakiwa yanajaa. Mbele yao vilitandaa vinamasi vya chumvi, majani mabichi ya kufika kiunoni hadi macho yachoke, na katikati yake hori, vijito vyembamba vya maji ya bahari, zikijipinda kama utepe uliodondoka sakafuni. Maji yakijaa, hupanda na kuingia ndani ya majani, na samaki huingia nayo kutafuta kaa. Maji yakipwa, hubaki tope tupu, na yeyote aliyezubaa hubaki nalo.

Dereva alikuwa tayari ndani ya kayaki yake, ameketi kama mtu anayesubiri chai. Jina lake la utani lilikuwa Haraka. Wiki nzima aliendesha gari la ving'ora mpaka mbwa wakamjua, lakini ukimtia kwenye kayaki alipiga kafi moja, akatafakari, kisha ya pili.

"Haraka, twende basi!" Kinyozi alimhimiza. "Leo tuna kesi ya dharura. Mgonjwa ni kayaki ya Pindo."

"Haraka naiacha kazini," alijibu. "Na mgonjwa hahitaji kelele. Anahitaji mtu wa kumwangalia vizuri."

Wakaingia horini. Konokono walikuwa wakipanda mashina ya majani kukimbia maji, mmoja mmoja, kama wapangaji wanaohamia ghorofa ya juu. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa waliwapungia kutoka ukingoni. Harufu ya tope ilikuwa ya yai lililosahaulika, na Pindo aliivuta kifuani kama marashi. Hicho ndicho Dada Mkubwa asichokielewa: kwamba mtu anaweza kukosa samaki mwaka mzima na bado akaamka Jumamosi akiimba.

Lakini leo hakuimba.

"Bosi yule," Kinyozi akanong'ona.

Samaki wale waliwaita mabosi, kwa kuwa walifika muda wanaotaka wao, wakainamisha vichwa kwenye kazi zao na kukuachia mgongo. Mkia wa rangi ya shaba ulikuwa umetokeza juu ya maji, ukipunga taratibu. Pindo akarusha. Mshipi ukapaa, ukanyooka, na nzi mwekundu akatua kiganja kimoja mbele ya bosi bila hata kelele ya tone la mvua. Akavuta kidogo. Bosi akageuka. Mshipi ukakaza ghafla, na kisha... mlegeo. Mkia ukapiga maji mara moja, kwaheri.

"Aaah!" Kinyozi akashika kichwa. "Pindo! Si umvute, jamani!"

"Nimevuta!"

"Umevuta nini? Mimi nikivuta wembe hivyo, mteja atatoka na ndevu zake zote."

Wa pili akaja. Akauma, akaenda. Wa tatu alikuwa mdogo, Pindo akajisemea kuwa hata huyu ana macho mawili na mkia, masharti yametimia. Akauma, akaenda na masharti yake.

Kinyozi sasa alikuwa hatanii tena, na Kinyozi asipotania ujue hali ni mbaya. Pindo aliweka fimbo magotini akatazama pua ya njano ya kayaki yake. Aliwaza namna itakavyoonekana juu ya gari la mwenye duka la dawa. Aliwaza Jumamosi ijayo, yeye kwenye meza ndefu akikata mapazia, na hawa wawili huku majini bila yeye, wakivua kwa nzi wake. Angeendelea kuwafungia nzi, hilo halina shaka. Ndilo lililomuuma zaidi.

"Pindo," Haraka akaita polepole. Hakuwa amerusha hata mara moja tangu wafike. "Mkono wako wa kushoto unafanya nini?"

"Unashika mshipi. Ufanye nini kingine?"

"Nipe ncha."

Akasogea ubavuni, akashika mshipi pale mwishoni, akamwambia Pindo auvute kama kawaida, taratibu, taratibu. Kisha, bila kuonya, akaukwapua. Vidole vya Pindo vya mkono wa kushoto vikafunguka vyote vitano, kama mtu anayeaga.

Wote watatu wakautazama mkono ule.

"Rudia," akasema Pindo.

Haraka akakwapua. Vidole vikafunguka.

"Niachieni mimi niwe samaki," Kinyozi akadakia, akaushika mshipi, akabetua midomo, akatumbua macho, akauvuta. Vidole vikafunguka. "Mungu wangu! Mkono una adabu kuliko mwenyewe! Unampisha mgeni!"

Pindo hakucheka. Alikuwa ameelewa, na kuelewa kwenyewe kulimwingia kama maji baridi. Uzi ukikaza kwenye cherehani, fundi mbaya huvuta. Sindano inavunjika, kitambaa kinajikunja, na mteja anaanza kuutaja ukoo wako. Fundi mzuri hulegeza. Dada Mkubwa ndiye aliyemfunza, kwa makofi madogo ya rula tangu miguu yake haijafika kwenye pedali: ukikaza, legeza, ukikaza, legeza. Mkono ule haukuuliza tena kama upande wa pili kuna sindano au kuna samaki. Ulisikia mkazo, ukaachia.

"Kumbe siyo mkosi," akasema polepole. "Ni kazi."

"Basi ufunge mshipi kidoleni," Kinyozi akashauri. "Usipate nafasi ya kuachia."

"Hapana," Haraka akakata. "Mimi nimewahi kubeba kidole peke yake, bila mwenyewe. Hakuna kufunga."

"Basi mtukane samaki akiuma. Hasira hukaza mkono."

Akajaribu kutukana. Kinyozi akawa samaki tena, akavuta, Pindo akatoa tusi la heshima kabisa, na vidole vikafunguka. Wakajaribu kuhesabu. Wakajaribu kufumba macho. Wakajaribu Pindo auume ulimi, akauuma kweli, na vidole vikafunguka huku machozi yakimtoka.

Wakati huo konokono walikuwa wameanza kushuka. Alama ya maji kwenye mashina ilikuwa imebaki juu, nyeusi na yenye kumeta. Haraka aliiona kwanza.

"Yanapwa," akasema. "Tukiondoka sasa tunapiga makafi. Tukichelewa tunaburuta kayaki kwa miguu."

"Twendeni," Pindo akasema haraka mno. "Si kitu. Nimekubali. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

Wenzake wakatazamana. Kinyozi alikuwa na wateja wanaomsubiri. Jumamosi ndiyo siku ya vichwa. Haraka alikuwa na zamu jioni.

"Vichwa havikimbii," Kinyozi akasema hatimaye. "Nikichelewa vinazidi kuwa kazi."

Haraka alichomeka kafi yake kwenye tope, kama mtu anayeegesha gari, akanyoosha kidole.

Ndani kabisa ya majani, katika kidimbwi ambacho maji yalikuwa yakikitoroka, mkia ulikuwa umesimama wima. Na huo haukuwa mkia wa kusema awe na macho mawili tu. Huo ulikuwa mkia wa bosi wa mabosi.

Pindo akainua fimbo. Akaurusha mshipi nyuma, mbele, nyuma, na hapo, mshipi ukiwa hewani, mkono wake wa kushoto ukamkumbusha kitu wenyewe. Kuna kazi moja tu ambapo fundi halegezi. Marinda. Unapiga mishono mirefu miwili iliyolala, unashika ncha ya uzi mmoja, unavuta. Uzi unakaza, unazidi kuvuta, na kitambaa kizima kinakuja kwako, kikijikusanya. Ukiachia hapo, sketi yote imekwenda. Pindo alikuwa amevuta marinda ya nusu ya wasichana wa mji ule, na hajawahi kuachia hata rinda moja.

Nzi akatua.

"Marinda," akajiambia kwa sauti.

"Nini?" Kinyozi akauliza.

"Nyamaza!"

Akavuta. Akavuta. Mkia ukazama, maji yakavimba nyuma ya nzi, mshipi ukakaza, na Pindo akavuta rinda. Kwa mkono wa kushoto, moja kwa moja hadi kwenye nyonga, na vidole vimefumbwa kama jiwe.

Kidimbwi kikalipuka.

Kilichofuata kila mmoja alikisimulia kwa namna yake kwa miezi mingi, lakini ukweli ni kwamba bosi aliondoka na kayaki ikamfuata. Ilipita katikati ya majani kwa kishindo, Pindo ndani yake amelala chali karibu kuanguka, fimbo imepinda kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka. Kinyozi alipiga kelele za ushauri, zote zikipingana. "Mpe! Usimpe! Kulia! Kwake kulia!" Akasimama ili aone vizuri. Kayaki haikuundwa kwa watazamaji wa kusimama. Alizama tope mpaka kifuani, na akiwa huko chini aliendelea kushauri.

"Mwache akimbie sasa," Haraka akasema kwa sauti ileile ya kuongea na wagonjwa. "Mkono umeshajua. Mwache tu. Sasa mrudishe."

Akamrudisha. Alipomfikisha ubavuni, bosi alikuwa mrefu kama mkono mzima kuanzia begani, wa shaba mgongoni na mweupe tumboni, na nzi mwekundu amesimama mdomoni mwake kama ua. Haraka akamchota kwa wavu. Kisha Pindo akaanza kucheka, kicheko kirefu kilichomtoa machozi, na ndege weupe wakaruka kutoka kwenye majani kwenda kutafuta mahali penye utulivu.

Maji nayo yakaenda. Waliburuta kayaki tatu kwenye tope, wakizama magoti, wakipoteza kiatu kimoja cha Kinyozi na kukipata, wakakipoteza tena, wakakiacha. Saa yao ya kawaida ya kurudi ilipita wakiwa bado wanaliona gati kwa mbali.

Dada Mkubwa alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni, futi ya kupimia imemning'inia shingoni kama kawaida. Kando yake alikuwa mwenye duka la dawa, kijana mpole mwenye viatu vinavyong'aa, kamba mpya begani.

Pindo akapanda gatini. Akamlaza samaki miguuni pa dada yake.

Dada Mkubwa akamtazama samaki. Akamgeuza kwa ncha ya kiatu.

"Mmemnunua."

"Dada!" Kinyozi akalia, tope likimdondoka kwenye nyusi. "Naapa kwa mashine yangu ya kunyolea!"

Dada Mkubwa akamtazama yeye, mguu mmoja una kiatu, mwingine soksi. Akamtazama Haraka, ambaye hajawahi kuonekana mchafu. Mwisho akamtazama mdogo wake, kuanzia miguu, akapanda taratibu, mpaka usoni. Usoni akakawia.

"Hapana," akasema. "Sokoni hakuna anayetoka na uso huo."

Akainama, akamshika samaki kwa matamvua ya mashavuni kama mtu aliyewahi kufanya hivyo, akampima uzito hewani. Kisha akamgeukia mwenye duka la dawa.

"Mwanangu, samahani. Haiuzwi tena."

"Lakini mama, meza yenu..."

"Meza ina miguu. Kayaki inaingia chini yake, na nafasi ya kuweka vitambaa inabaki."

Pindo akamgeukia. "Ulijua hilo tangu lini?"

"Tangu nilipoipima. Kwani mimi nanunua meza bila kupima?"

"Sasa kwa nini ulitaka kuiuza, dada? Siku zote hizi!"

Dada Mkubwa akajifanya anakagua magamba. "Wewe unajiona unavyoondoka Jumamosi asubuhi. Mimi ndiye ninayekuona ukirudi. Unaingia, unasema 'hakuna kitu dada, ni mchezo tu,' halafu unashona mpaka giza bila neno. Mwaka mzima. Nikasema bora hiyo kayaki iende kabla haijanimalizia mdogo wangu." Akavuta pumzi puani. "Nani kakuonyesha namna ya kumvuta?"

"Wewe," akasema Pindo.

"Mimi? Mimi sijawahi hata kulowa."

"Twende, nitakueleza njiani."

Haraka na Kinyozi walikuwa tayari wameinyanyua kayaki ya njano, mmoja mbele mmoja nyuma, wakayumba nayo kuelekea barabarani. Mwenye duka la dawa aliwatazama, akatazama kamba yake mpya, akatazama viatu vyake.

"Na mimi sasa?" akauliza.

"Wewe una gari," Dada Mkubwa akasema, akimkabidhi samaki ili afungue mlango. "Na kamba umeleta mwenyewe. Tufikishe nyumbani, utakula nasi. Kiti cha nyuma utakifuta baadaye."